Butembo: Alipanga safari ya kuonja kawa ya milima yetu, ikasafiri kawa yenyewe

Juu ya meza ya mbao, ndani ya parsele moja mjini Butembo, kuna daftari la shule lenye karatasi za miraba. Ukurasa wake wa kwanza una kichwa kilichoandikwa kwa herufi kubwa: SAFARI YA KUONJA. Chini yake kuna majina ya mahali 11, toka kusini mwa wilaya ya Lubero hadi wilaya ya Mambasa huko Ituri. Kando ya kila jina mwenye daftari alipiga mistari na kuacha nafasi tatu: urefu wa mahali, aina ya zao, na hali ya barabara. Nafasi mbili za kwanza alizijaza kwa jioni moja. Ile ya tatu amekuwa akiifuta na kuiandika upya kwa miezi.

Mwenye daftari ni binti wa miaka 27. Kazi yake ni kuonja kawa. Alijifunza kwenye maabara ndogo ya koperative, na hadi leo watu wa mtaani kwake hawajaielewa kazi hiyo. Jirani mmoja humtania kwamba yeye ni mama anayelipwa kwa kunywa. Lakini yeye hanywi. Anachota kwa kijiko, anavuta kwa kelele ili kawa isambae mdomoni pote, anatafakari, kisha anatema ndani ya kopo. Kwa siku anaweza kuonja vikombe hamsini na asimeze hata kimoja.

Wazo la safari lilitoka kwa mwalimu wake. Siku moja aliwasimulia wanafunzi juu ya watu wa Ufaransa na wageni wao wanaopanga likizo nzima kwa ajili ya divai: wanatoka shamba hadi shamba, Bordeaux hadi Bourgogne, wanaonja na kuuliza udongo ni wa namna gani na mvua ilinyesha lini. Hata hapa Afrika ya Mashariki, aliwaambia, kuna Dodoma nchini Tanzania, nchi kavu ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na divai hutengenezwa hapo hapo. Butembo divai tunaifahamu zaidi kwenye misa. Lakini binti alirudi nyumbani na swali moja: ikiwa watu wanavuka bahari ili kuonja zabibu za mlima fulani, mbona sisi tulio na milima ya kawa hatujawahi kutoka hata mlima mmoja hadi mwingine kuonja ya jirani?

Ndipo alipofungua daftari.

Majina sita ya kwanza ni ya mahali pa zamani, pa kawa ya arabika: Kirumba, Kayna, Musienene, Isale, Vuhovi na Mutwanga. Hii ni kawa ya baridi, inayopenda milima. Mstari wa ikweta unapita kati ya Butembo na Lubero, lakini kwa sababu ya urefu wa milima watu hulala na blanketi mbili. Tunda linaiva polepole, na kawa iliyoiva polepole hupata uchachu mzuri na utamu. Mutwanga iko upande mwingine, miguuni mwa Ruwenzori, mlima ambao kilele chake kinafika mita 5 109 na mara nyingi kimefunikwa na mawingu. Huko ndiko wakulima wa koperative Kawa Kanzururu wanakoosha kawa yao, kama vile wale wa Kawa Kabuya wanavyofanya kwa upande wa Butembo na Lubero.

Majina matano yanayofuata ni ya mahali papya, na zao lake ni kakao: Oicha, Mbau, Mangina, Biakato na Manguredjipa. Wazee wa Beni watashangaa kusikia Mbau ikiitwa mahali papya, na wana haki. Zamani sehemu hizo zilijaa kawa ya robusta. Kisha ukaja ugonjwa wa kukausha miti ambao wakulima wanauita trakeo. Uyoga mdogo usioonekana kwa jicho huziba njia za maji ndani ya shina, majani yanageuka manjano, na mti unakauka ukiwa bado umebeba matunda. Baba alikuwa akiona mti mmoja umekufa, na msimu uliofuata safu nzima. Katika miaka ya 1980 na 1990 mashamba mengi ya Beni na Ituri yaliisha hivyo. Watu wakang'oa, wakachoma, na wengi wakapanda kakao mahali pale pale. Leo kakao ndiyo inayolipa karo za shule huko. Katika 2024, bei yake kwenye soko la dunia ilipita dola 12 000 kwa tani, jambo ambalo halikuwahi kuonekana, kabla ya kushuka tena mwaka uliofuata.

Mpango wa binti ulikuwa wa siku kumi. Siku nne za kusini, siku moja ya kupumzika Butembo, siku tano za Beni, Mutwanga na kaskazini. Kila mahali angeomba kilo moja ya kawa iliyokauka ikiwa bado na ganda lake, angeonja na wenyeji, na angeandika. Mwishoni angekuwa na karatasi ambayo mnunuzi yeyote angeisoma na kuelewa kwamba kawa ya Isale si ile ya Mutwanga, wala haifai kutiwa kwenye gunia moja na kuvushwa Kasindi usiku, ikafike ng'ambo na kuitwa kawa ya nchi nyingine.

Halafu akaanza kuuliza habari za barabara.

Alikwenda kwenye paki ya magari na kuuliza madereva. Aliuliza mamotari, maana wao ndio wanaojua habari ya leo asubuhi, si ya juma lililopita. Kwa kalamu ya rangi ya majani aliandika mahali ambapo watu wanakwenda na kurudi siku ile ile. Kwa kalamu ya buluu, mahali ambapo watu wanakwenda wakiwa wengi, mchana, na wanauliza kwanza. Nyekundu aliiweka mahali ambapo hata dereva mwenye deni hakubali kwenda.

Musienene, Isale na Vuhovi zilipata kijani, ingawa Vuhovi ilibadilika mara mbili. Mutwanga ilipata buluu. Majina ya kakao karibu yote yalipata nyekundu. Msomaji wa Beni hahitaji kuambiwa sababu. Tangu Oktoba 2014 mauaji yanayofanywa na ADF yamewafuata watu hadi shambani, na msimu wa kuvuna ndio ambao mkulima analazimika kwenda mbali na kukaa siku nyingi. Manguredjipa, ambayo watu wa Butembo waliikimbilia wakitafuta ardhi mpya, nayo ilifikiwa na mashambulizi katika 2024.

Kirumba na Kayna hazikuhitaji kuulizwa. Mwisho wa Juni 2024 M23 waliingia Kanyabayonga, na siku zilizofuata watu wa Kayna na Kirumba walijaa barabarani wakielekea Lubero na Butembo, na magodoro kichwani. Miongoni mwao alikuwa mjomba wa binti, kaka ya mama yake, pamoja na mkewe na watoto watano. Tangu siku hiyo wanaishi katika vyumba viwili nyuma ya ile ile parsele yenye meza na daftari.

Mjomba alikimbia na vitu vichache: karatasi za shamba, redio, sufuria, na mfuko wa kilo nne wa kawa yake, iliyokauka vizuri, ambayo alikuwa akiingoja bei ipande. Mkewe anasema mpaka leo kwamba afadhali angebeba unga. Mfuko ule ulitundikwa ukutani, karibu na jiko, na haukuguswa.

Jioni moja mjomba aliliona daftari. Alisoma majina yote kwa kidole, akafika Kirumba, akaona mstari mwekundu uliopigwa juu ya jina.

"Mama, hapa umepafuta?"

"Mjomba, siwezi kwenda. Hakuna njia."

"Njia haipo, najua. Nilipita humo. Nauliza kama umepafuta."

Binti hakuwa na jibu. Mzee akaendelea, bila hasira lakini bila kucheka: mashamba yao yalipandwa na baba yake, miti mingine ina umri wa miaka arobaini, na mtu wa nje akisoma ile karatasi ataona kwamba kusini hakuna kawa. Wakimbizi wa ndani wanaandikwa kwenye orodha nyingi, alisema: orodha ya maharage, orodha ya turubai, orodha ya sabuni. Hakuna hata moja inayouliza ulikuwa unalima nini.

Kijana wake wa miaka 19 alikuwa anasikiliza. Siku iliyofuata alimwendea dada yake faraghani na kumwambia kwamba anajua njia za mguu. Wengine walikwisha kurudi kimya kimya kuchuma na kutoka. Yeye anaweza kwenda, kuchuma kilo kumi na kurudi. "Unipe nauli ya kufika Lubero tu, ya mbele naijua."

Nauli ile binti alikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya bahasha ya safari. Anakiri kwamba kwa usiku mmoja alilifikiria jambo hilo. Kawa mbichi ya msimu huu, toka shamba la mjomba, kwenye meza yake: karatasi ingekamilika, na mzee angefurahi. Asubuhi alimwambia mama yake. Mama alikuwa anasafisha maharage na hakuinua kichwa. "Ukimtuma," alisema, "ukae tayari kumweleza mjomba wako ulimtuma akalete nini."

Hakumtuma. Alimwita mjomba na kumwambia wazi kwamba kijana aliomba kwenda na kwamba amekataa. Mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akamwita mwanawe na kumkalisha chini. Waliyosemezana wawili hao yalibaki kwao. Tangu siku ile kijana amejifunza kutengeneza pikipiki kwa fundi wa karibu.

Siku hiyo hiyo mpango wa safari uligeuka. Binti aliamua kwamba hakuna mtu atakayesafiri kwa ajili ya kuonja. Itasafiri kawa, mkononi mwa watu ambao tayari wana safari zao. Mama mmoja anayeuza ndizi alileta kilo moja toka Isale. Mwalimu waliyesoma pamoja alileta ya Vuhovi. Motari wa jirani alikuwa na mazishi Musienene, akarudi na sashe moja. Ya Mutwanga ilikuja na dereva wa Beni, ikiwa imefungwa pamoja na kipande cha chokoleti kinachotengenezwa kule kule Mutwanga, kwenye kiwanda kidogo kinachotumia umeme wa maji wa Virunga. Kwa mahali pa tano, mjomba aliutoa mfuko wake ukutani.

Jumamosi moja mchana, watu 14 walikaa kuizunguka meza. Wengi wao walikuwa wahami wa Kirumba na Kayna, na wawili walikuwa wa Oicha. Binti alipouliza nani amewahi kunywa kawa ya shamba lake mwenyewe, mikono mitatu iliinuka. Wengine walichuma, waliosha, walianika, waliuza, na nyumbani walikunywa chai.

Namna ya kuonja ni rahisi, na hata asiye na maabara anaweza kuifuata. Kawa inachomwa siku moja kabla, kwa rangi ya kahawia isiyofika nyeusi, kisha inapumzika usiku. Inasagwa mara moja kabla ya kuonja, si nyembamba kama unga. Kwa kila glasi ya mililita 150 unaweka zaidi kidogo ya gramu 8. Asiye na mizani apime kwa kijiko kimoja, mradi kiwe sawa kwa zote. Maji yachemke, yapumzike kidogo, halafu yamwagwe. Dakika nne usiguse. Utando unapanda juu. Kisha unauvunja kwa mgongo wa kijiko huku pua ikiwa karibu na glasi, na hapo ndipo kawa inapojitambulisha kwa harufu. Unaondoa povu, unangoja ipoe, unaonja. Ikipoa, ile mbaya haina tena pa kujificha. Na glasi zisiwe na majina, bali namba tu, ili mtu asipendelee kwao.

Kila kawa ilikuwa na glasi tatu. Maabara huweka tano, lakini glasi za mtaa hazikutosha.

Namba moja ilikuwa nyepesi, yenye uchachu kama wa chungwa. Namba mbili iliwapendeza wengi, mpaka mama mmoja alipofika kwenye glasi ya tatu akakunja uso: "Hii ni kiazi." Wengine wakadhani anatania. Wakanusa, na kweli ilikuwa harufu ya kiazi kibichi kilichomenywa. Binti akaeleza kwamba kasoro hiyo inajulikana sana katika nchi za Maziwa Makuu, Rwanda na Burundi pia, na inahusishwa na mdudu mdogo anayetoboa tunda likiwa bado mtini. Punje moja tu inaharibu glasi nzima, na kwa jicho huwezi kuitambua ikiwa imekauka. Ndiyo maana kituo cha kuosha kinasumbua watu: chagua matunda mekundu tu, yatupe majini, yanayoelea yaondoe, kaa mezani utoe yaliyotobolewa. Mkulima anayedhani anaonewa hajawahi kuonja hasara hiyo. Siku hiyo waliionja.

Namba tatu ilikuwa nzito na tamu, na baadaye ilionekana kuwa ya Mutwanga. Namba tano, ya Musienene, ilikuwa safi ila ya kawaida.

Namba nne walikaa nayo kimya. Ilikuwa na ladha ya moshi, na nyuma ya moshi ilikuwa kama gunia kuukuu. Motari alisema inafanana na kibanda. Mjomba aliionja kama wengine, bila kujua. Aliandika kwenye karatasi yake: mbaya.

Binti alipofunua majina alianza na nyingine zote, na mikono yake ilichelewa kidogo kwenye ile ya nne. Angeweza kuliacha lile karatasi limelala. Alisema: "Mjomba, namba nne ni yako."

Mzee aliitazama glasi. Akaivuta tena, akaonja mara ya pili, polepole zaidi. Kisha akasema kwamba kawa ile aliianika siku 18 kwenye meza ya waya, aliigeuza kwa mkono wake, na ilipokuwa Kirumba haikunusa moshi. Huo ni moshi wa huku. Mkewe akaongeza, na hapo watu wakacheka kwa mara ya kwanza: "Nilisema ungebeba unga."

Binti aliwaeleza kwa nini. Kawa iliyokauka inafyonza kila harufu iliyo karibu nayo: moshi, petroli, vitunguu, samaki. Hata ikihifadhiwa vizuri, baada ya miezi mingi inapoteza ladha. Mfuko wa mjomba ulikaa zaidi ya mwaka mmoja juu ya jiko. Kwa yeyote aliyekimbia na kawa au aliye na akiba ndani ya nyumba, mashauri yake ni haya: iwekwe mbali na jiko na mbali na ardhi, juu ya mbao, mfuko usiguse ukuta wenye unyevu, ikipata maji ianikwe upya siku ile ile, na isingojee bei kwa muda mrefu kuliko msimu mmoja. Na kabla ya kuuza, mtu aulize bei kwa watu wawili au watatu na aangalie mizani mwenyewe. Mnunuzi anajua kwamba mhami ana haraka.

Wale wawili wa Oicha waliuliza kama kakao nayo inaonjwa. Inaonjwa, na ina siri zake: ikiwa haikuchachuka siku tano hadi saba ndani ya sanduku lililofunikwa kwa majani ya migomba, haipati ladha ya chokoleti, hata ikaushwe namna gani. Waligawana kile kipande cha Mutwanga, kila mtu kama ukucha. Mzee mmoja aliyelima kakao miaka 15 alisema ni mara yake ya kwanza kujua inaishia wapi. Wamekubaliana kwamba meza ya pili itakuwa ya kakao, ikiwa watapata mbegu kwa mtu aliye na safari yake, si kwa kumtuma mtu.

Mwishoni kawa iliyobaki ilimwagwa katika sufuria moja, zote pamoja isipokuwa namba nne, ikatiwa sukari nyingi, na wakainywa kama watu.

Watu walipoondoka, mjomba alibaki mezani. Aliomba daftari. Jina la Kirumba bado lilikuwa na mstari mwekundu juu yake. Binti alilifuta lile karatasi la zamani, akaandika ukurasa mpya, na safari hii mstari aliuweka kwenye nafasi ya barabara tu, si juu ya jina. Mzee alimtajia aina ya miti, mwaka aliopanda ile ya chini karibu na kijito, na upande ambako jua huanzia. Kwenye nafasi ya ladha binti aliuliza aandike nini.

"Andika kwamba haijaonjwa," alisema mjomba. "Hiyo ya leo si yenyewe."

Ndivyo alivyoandika.